Magurudumu Mawili Mbele ya Mtoza Kodi

Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900, ambao Sir Harry Johnston alitia sahihi kwa niaba ya Uingereza, ulileta kodi mbili pamoja. Ya kwanza ilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba. Ya pili ilikuwa rupia 3 kwa kila bunduki. Rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja, hivyo rupia 3 zilikuwa shilingi 4 za Kiingereza. Wanahistoria wamesema mengi juu ya kodi ya nyumba, na ni haki yao kusema, kwa sababu hiyo ndiyo iliyogusa watu wengi. Lakini kodi ya bunduki nayo inastahili kutazamwa. Nyumba ya udongo na nyasi haikuwa na mnunuzi. Hapana mtu aliyeweza kuichukua mgongoni akaipeleka sokoni. Bunduki ilikuwa chombo. Ilishikika, ilihesabika, na iliuzika. Aliyeshindwa kuilipia alikuwa na njia moja iliyo wazi mbele yake, nayo ni kuitoa ile bunduki yenyewe. Toka siku hizo chombo cha mtu kikawa na kazi mbili: kumtumikia mwenyewe, na kumshuhudia mbele ya mtoza kodi.

Wadachi katika nchi yao ya Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha tangulia. Amri yao ya kodi ya nyumba ilitoka mwaka 1897, ikaanza kazi mwezi wa Aprili 1898, na huko shamba kiasi chake kilikuwa rupia 3 vilevile. Hapo mwanzo mazao yalipokewa mahali pa fedha, na mtu asiye na kitu aliweza kulipa kwa mikono yake. Serikali, hata hivyo, haikuanzisha kodi ile kwa kupenda kujaza ghala mtama na mahindi. Ilitaka sarafu ziingie mikononi mwa watu, na sarafu hazikupatikana ila kwa kwenda kuzitafuta: katika mashamba ya walowezi, katika kazi ya reli, au kwa kupanda zao ambalo Mzungu alilitaka. Mwaka 1905 watu wa Matumbi walipong'oa pamba na Vita vya Maji Maji vikaanza, kodi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachosha, pamoja na kazi ya lazima na fimbo ya akida.

Asiyetaka kwenda kazini aliuza alichokuwa nacho. Ni rahisi kulitamka neno hili, lakini lina uchungu ndani yake. Msimu wa kodi ulikuwa mmoja kwa kijiji kizima. Siku jumbe alipotangaza, kila mwenye mbuzi wa ziada alimfunga kamba na kushika njia ya sokoni, na jirani yake naye akafanya vivyo hivyo. Wauzaji wakawa wengi, na mnunuzi mmoja au wawili wenye fedha wakakaa chini ya mwembe wakingoja jua lishuke, kwa kuwa walifahamu kwamba bei nayo ingeshuka. Mbuzi ambaye mwezi uliopita angelipa kodi ya watu wawili, leo hakutosha mmoja. Wanawake waliuza kuku na mikeka, wakapika pombe, ili waume zao wasichukuliwe kwenda kufanya kazi ya kifungo. Wao wenyewe hawakuandikwa katika daftari la kodi, na kwa hiyo daftari halikuandika jasho lao.

Kenya ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1901, kisha mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa ili na kijana asiye na nyumba asipite bure. Ilipofika mwaka 1921 kiasi kilikuwa kimepanda hadi shilingi 16, wakati ule ule ambapo walowezi walikuwa wakipunguza mishahara. Harry Thuku na wenzake walilalamikia jambo hilo pamoja na kipande. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi. Mwaka ule ule kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Baiskeli iliingia katika habari hii kwa mlango wa pamba. Zao hilo lilianza kupandwa kwa biashara huko Uganda mwaka 1903 na 1904, na reli ilikuwa imekwisha fika Kisumu mwaka 1901. Kwa hiyo pamba ya mkulima ilikuwa na njia ya kufika baharini. Katika miaka iliyofuata, hasa baada ya Vita Kuu ya pili ambapo bei ya pamba na kahawa ilikuwa nzuri, mkulima aliyebakiwa na fedha baada ya kodi na ada ya shule alinunua baiskeli. Isidhaniwe kwamba alinunua anasa. Baiskeli ilibeba magunia hadi kwenye kinu cha pamba, ilibeba mgonjwa hadi zahanati, ilibeba mikungu ya ndizi, maji, kuni na bibi harusi. Tena ilikuwa akiba. Ng'ombe huugua na kufa, na fedha zikikaa ndani huombwa na ndugu. Lakini chuma cha Raleigh kilichotiwa mafuta kilikaa miaka na miaka, na siku ya dhiki kilipata mnunuzi. Mtu aliweza kusema kwamba ameifunga fedha yake kwa minyororo na kuiweka juu ya magurudumu mawili.

Ila akiba ya namna hii ina ila moja kubwa: inaonekana. Fedha iliyofukiwa chini ya kitanda haipigi kengele njiani. Katika miaka ya 1950 Uganda iliacha kodi ya kichwa iliyo sawa kwa wote, ikaanzisha kodi ya ngazi, yaani kila mtu alipe kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa maneno matupu hapana haki iliyozidi hiyo. Mwenye ng'ombe 20 na mwenye kuku wawili hawawezi kutozwa sawa. Taabu ilikuwa katika kupima. Mkulima hakuwa na hesabu iliyoandikwa wala mshahara uliojulikana, basi wapimaji, ambao ni machifu na wazee walioteuliwa, walitazama vile vitu vyenye kuonekana: ng'ombe, ukubwa wa shamba, paa la bati, na baiskeli iliyoegemea ukuta. Baiskeli ikawa shahidi asiyeulizwa maswali. Haikusema kama ilinunuliwa kwa mkopo wa shemeji, wala kama mpira wake wa nyuma ulikuwa umepasuka toka mavuno yaliyopita. Ilisimama tu pale, na kusimama kwake kukampandisha mwenyewe ngazi moja juu.

Mwezi wa Januari 1960 wilaya ya Bukedi, mashariki ya Uganda, iliwaka moto. Watu walilalamika kwamba kodi ilikuwa nzito na makadirio yake ya upendeleo. Kwamba chifu alimpandishia asiyempenda na kumshushia aliye ndugu. Nyumba za machifu zilichomwa, watu waliuawa, na Serikali ikaunda tume ya kuchunguza. Ghasia zile hazikuwa za watu wasiotaka kulipa neno lolote. Zilikuwa za watu waliopimwa kwa macho ya jirani mwenye kinyongo, kisha wakaambiwa kwamba huo ndio mzani.

Kusini ya wilaya hiyo hiyo ya Bukedi upo mji wa Busia, ambao mpaka wa Uganda na Kenya unapita katikati yake. Kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na cha upande wa pili palikuwa na mwendo wa miguu, wenye vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua, na msafiri mwenye mizigo aliuona mrefu. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliona riziki mahali hapo. Walimwita abiria kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpaka kwa mpaka, na maneno hayo, yakiisha kupita katika vinywa vya watu wengi, yakawa bodaboda. Leo neno hilo lina makao katika kila mji wa Afrika Mashariki, na wengi wanaolitumia hawaijui asili yake.

Baiskeli iliyotoka kiwandani haikufaa kazi hiyo. Keria yake ilikuwa vyuma vyembamba vya kubebea kifurushi. Mtu mzima akiikalia inapinda, na vyuma vinamuumiza. Hapo ndipo fundi alipohitajika. Keria ilikazwa kwa vyuma vinene zaidi vilivyochomelewa, ikafungwa juu yake mto ulioshindiliwa vizuri na kufunikwa kwa ngozi bandia, mara nyingi yenye rangi mbili na nyuzi za mapambo pembeni. Kwenye ekseli ya nyuma zikaongezwa vyuma vya abiria kuwekea miguu. Wengine waliongeza mshikio chini ya tandiko la dereva, ili mwanamke aliyekaa upande asilazimike kumshika kiuno mtu asiyemjua. Adabu ya barabarani nayo ilitaka chuma chake. Kwa kazi hiyo baiskeli ya mkulima iligeuka kuwa duka. Kiti cha nyuma ndicho kilicholeta shilingi. Sehemu nyingine zote zilikuwa njia ya kukipeleka kiti hicho kwa mteja.

Sasa na itazamwe hali ya kijana huyo kodi ilipomwelemea. Kodi ya ngazi ya Uganda iliishi muda mrefu, hata baada ya jirani zake kuachana na za kwao. Kenya iliiacha kodi yake ya namna hiyo katika miaka ya 1970. Tanzania iliifuta kodi ya kichwa ya halmashauri mwaka 1969, ikarudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingi ambao wananchi waliuita kodi za kero. Nchini Uganda wanaume waliendelea kuviziwa alfajiri na askari wa serikali za mitaa, na waliokosa stakabadhi walilala vichakani au mahabusu. Wenye baiskeli hawakuweza kulala vichakani na kufanya kazi barabarani siku ile ile. Baiskeli ilimtoa kijana mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo alipodaiwa stakabadhi. Chombo kikishikwa, kazi imekwisha. Na kazi ikisha, hiyo fedha ya kukomboa chombo itoke wapi? Baadhi yao walikiuza kabla hakijashikwa.

Mnunuzi alipokuja, alitazama fremu, akazungusha gurudumu, akabonyeza mpira. Hakutazama kiti. Kama alikuwa mkulima, kiti kile kilikuwa mzigo kwake, maana alitaka keria ya kufungia gunia. Kama alikuwa mwenye bodaboda, alikuwa na fundi wake na rangi zake. Hivyo muuzaji alilipwa bei ya baiskeli kuukuu, na mto, vyuma, malipo ya fundi, na wateja waliokuwa wakimtafuta kwa sababu kiti chake hakikuwaumiza, vyote havikuingia katika bei. Mpimaji wa kodi alikuwa amemhesabia baiskeli kuwa mali. Sokoni ile iliyoifanya kuwa mali kweli haikuhesabiwa. Hapa ndipo penye dhuluma, na haikumhitaji mtu mwovu. Chifu aliweza kuwa mwadilifu na mnunuzi mkweli, na bado yule kijana akarudi nyumbani ametoa zaidi ya alichodaiwa.

Wakati wa uchaguzi wa mwaka 2001 kodi ya ngazi iligombaniwa na wanasiasa, na kiasi chake cha chini kikashushwa hadi shilingi 3,000. Mwaka 2005 ikaondolewa. Halmashauri zililalamika kwamba zimenyang'anywa pato lao, na malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Zahanati na barabara za vijijini hazijengwi kwa furaha ya watu waliosamehewa kodi. Lakini wanaume waliacha kulala vichakani.

Kufikia wakati huo injini ilikuwa imekwisha chukua mahali pa miguu. Pikipiki za bodaboda zilianza kuonekana Uganda katika miaka ya 1990. Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, zikafurika. Kisha sheria ya mwaka 2015 ikaweka ushuru wa shilingi 10,000 kwa kila pikipiki. Tanzania ilizipa kanuni za kubeba abiria mwaka 2010, na mwaka 2017 ikafuta ada ya kila mwaka ya leseni ya chombo cha moto na kuiingiza katika bei ya mafuta. Kodi imejificha ndani ya tangi la petroli. Hailali mlangoni alfajiri, na hii ni nafuu isiyopasa kudharauliwa, ingawa mwenye kulipia kila lita hajui tena ametoa kiasi gani kwa mwaka.

Kazi ya fundi haikubadilika sana. Boxer au TVS hutoka dukani na kiti cha kiwandani. Mwenyewe hukirefusha, hukiongeza sponji, hufunga ngao ya mbele, keria pana, vizuia tope vyenye maandishi, na redio ikiwezekana. Wengi huipata pikipiki kwa mkataba, wakipeleka hesabu kwa mwenye mali hadi iwe yao, na mapambo hayo huanza kuonekana siku mkataba unapokwisha. Deni likimfika huyo, liwe la kodi ya mapato, faini au mkopo, hali inakuwa ile ile ya Busia. Mnunuzi hupiga kiki, husikiliza mlio wa injini, hulinganisha namba ya chasisi na kadi, hutaja bei. Akiulizwa juu ya kiti, husema kwamba hakihitaji, mwenyewe aweza kukifungua. Spana huletwa. Pikipiki huondoka na kiti chake cha zamani cha kiwandani, na muuzaji hurudi kwao kwa miguu akiwa na kile kirefu begani.