Mlango wa Sabarimala

Hekalu la Sabarimala liko mlimani, katikati ya msitu wa jimbo la Kerala, kusini mwa India. Anayeabudiwa humo ni Ayyappa, mungu ambaye waumini humsadiki kuwa mseja wa milele. Kwa hiyo hujaji naye hujinyima kwa siku 41: halali na mkewe, hali nyama, hanywi pombe, na huvaa nguo nyeusi au buluu. Siku ya kupanda hujitwika furushi la mafungu mawili, kisha hukwea ngazi 18. Kutokana na imani hiyo ya useja, wanawake wa miaka 10 hadi 50 walikatazwa kupanda.

Ukongwe wa mwiko huo una ubishi. Wapima ardhi wa Kiingereza, waliofanya kazi huko kati ya 1816 na 1820, waliukuta na kuuandika. Hata hivyo, ushahidi uliotolewa baadaye mahakamani ulionyesha kwamba, katika ibada za kila mwezi, akina mama walikuwa wakipeleka watoto wao kulishwa wali wa kwanza. Yaelekea mwiko ni wa kale, ila haukushikwa kwa ukali siku zote.

Sheria ndiyo iliyoukaza. Mwaka 1936 mfalme wa Travancore, ufalme wa wakati huo katika eneo hilo, aliwafungulia mahekalu Wahindu wa tabaka za chini, na mwaka 1965 Kerala ikapitisha sheria ya kuwaruhusu Wahindu wote. Lakini kanuni zake zilikubali desturi za kuwazuia wanawake, na mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Kerala ikaamuru katazo litekelezwe.

Tarehe 28 Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India ililifuta katazo hilo, majaji wanne kwa mmoja. Aliyepinga alikuwa mwanamke pekee katika jopo, Indu Malhotra, aliyeona kwamba si kazi ya mahakama kupima imani kwa mizani ya akili. Wanawake wengi waumini waliandamana kulitetea katazo. Wengine, tarehe 1 Januari 2019, walisimama bega kwa bega barabarani kwa takriban kilomita 620 kudai usawa. Kesho yake wanawake wawili wa umri uliokatazwa waliingia hekaluni kabla ya mapambazuko, na makuhani wakalifunga hekalu kwa muda ili kulitakasa. Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikayapeleka maswali makuu kwa jopo kubwa zaidi.

Basi si haki kuieleza kesi hii kama vita vya wanawake dhidi ya dini. Lakini desturi iliyowafungia mlango watu wa tabaka za chini nayo iliitwa takatifu hadi 1936, na mlango ulipofunguliwa Uhindu haukufa. Mwanamke anayetaka kusali anastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho.