Meza Moja, Nyumba Mbili: Historia ya Miksa ya Sauti

Jumapili moja kwaya ya mtaani kwetu ilizindua nyimbo zake mpya. Ukumbi ulijaa, ngoma na gitaa la besi vilitikisa madirisha, na waimbaji walisikika vizuri hadi mlangoni. Kijana wa mitambo alikuwa amechomeka waya wa USB kutoka kwenye miksa hadi kwenye laptopu, akarekodi shughuli yote. Jioni tulipoketi kusikiliza, tulipata waimbaji peke yao, wakubwa na wakavu, utadhani walifungiwa chumbani bila bendi. Ngoma zilitoka kwa mbali. Gitaa la besi halikuwepo kabisa.

"Kaka, miksa imekufa hii," kijana akaniambia.

Ilikuwa nzima. Ukumbini ngoma na besi zilijitosheleza zenyewe, naye akafanya kile ambacho fundi yeyote mzuri wa jukwaani angefanya: akapandisha visivyosikika na kuviacha vinavyosikika. Kompyuta ikapokea ile nyongeza tu. Na kwa kuwa miksa ile hupeleka kwenye kompyuta chaneli mbili, kushoto na kulia, sauti zote zikiwa zimekwisha kuchanganywa, hapakuwa na la kurekebisha. Sukari ikishayeyuka kwenye chai haitolewi.

Vijana wa namna hii ni wengi. Wanaingia madukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na fedha zilizochangwa kwa miezi, wanahesabu vitufe, wanaangalia taa, wanauliza bei, wanalipa. Swali linalowaumiza baadaye hawalijui, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba miksa imelelewa na nyumba mbili zenye mahitaji tofauti, studio na jukwaa, na kwamba kila kitufe mbele yao kilizaliwa katika mojawapo.

Kabla ya mwaka 1925 santuri zilirekodiwa bila miksa kwa sababu hakukuwa na cha kuchanganya. Wanamuziki walijipanga mbele ya pembe kubwa iliyokusanya sauti na kuisukuma hadi kwenye sindano iliyochora mfereji juu ya nta. Mwenye sauti ndogo alisogezwa karibu na pembe. Mpiga tarumbeta alirudishwa nyuma, pengine hadi ukutani. Uwiano ulipatikana kwa miguu. Mwaka huo kampuni kubwa za santuri za Marekani zikaanza kutumia maikrofoni na amplifaya, kwa mfumo wa Western Electric, na umeme ukaingia kati ya mwimbaji na nta. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipotoka Zanzibar kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zama za pembe zilikuwa zimekwisha kupita.

Maikrofoni moja ikizaa ya pili, lazima pawe na mahali pa kukutanishia. Vituo vya redio ndivyo vilivyosukuma jambo hili mbele, maana mtangazaji, mwimbaji na piano walitaka kusikika kwa pamoja na kwa kipimo. Meza za kwanza zilikuwa visanduku vyenye vitufe vichache vya kuzungusha. Lakini si kila mtu alikuwa na kisanduku. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950 akirekodi ngoma na nyimbo za vijijini, alishika maikrofoni yake mkononi na kuisogeza huku na kule wakati muziki ukiendelea: sasa kwa mwimbaji, sasa kwa wapiga ngoma, sasa kwa waitikiaji. Mkono wake ndio uliokuwa miksa. Ukisikiliza rekodi zile leo unakubali kwamba alikuwa na mkono mzuri, lakini alichokiacha pembeni kwa sekunde moja kilipotea moja kwa moja.

Hapo ndipo ilipo siri ya historia hii yote. Watu walipokuwa wakiongeza chaneli, walichokitafuta hasa ni haki ya kubadili mawazo baadaye.

Tom Dowd wa Atlantic Records, New York, aliielewa haki hiyo mapema. Alikuwa kijana wa fizikia aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Columbia katika mradi wa bomu la atomiki kabla ya kuhamia kwenye muziki. Mwaka 1958 studio yake ilikuwa na mashine ya kanda ya Ampex ya njia 8, kila njia ikishika sauti yake peke yake, wakati ambapo studio nyingi ziliridhika na njia mbili au tatu. Njia nane zilimletea shida ya mikono: kitufe cha kuzungusha kinataka mkono mzima, na binadamu ana mikono miwili. Dowd akaweka vitelezi vya kusukuma juu na chini, vimepangwa kwa karibu, ili kila kidole kiwe na kazi yake kama kwenye kinanda. Kila unapomwona DJ au fundi wa kanisani akitelezesha vidole juu ya meza, unaona suluhisho la shida ile.

Uingereza walikwenda taratibu zaidi. Studio za EMI katika barabara ya Abbey Road, London, zilijitengenezea meza zao, zile za REDD zilizotumia valvu. The Beatles walirekodi *Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band* ya mwaka 1967 kwa mashine za njia 4. Njia zikijaa, mafundi walizichanganya zote nne kwenda kwenye njia moja au mbili za mashine nyingine ili kupata nafasi ya kuongeza. Kila walipofanya hivyo walifunga mlango nyuma yao: kama ngoma zilikuwa ndogo siku ile, zitabaki ndogo milele. Uamuzi ulitaka masikio na ujasiri. Mwaka uliofuata ikaingia meza mpya ya transista, TG12345, yenye chaneli 24 za maikrofoni, na albamu ya *Abbey Road* ya mwaka 1969 ikapita humo.

Kwetu, milango ile ilibaki imefungwa muda mrefu zaidi. Katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), bendi ilipiga wimbo mzima kwa pamoja, kutoka mwanzo hadi mwisho, mbele ya maikrofoni chache. Mpiga solo akikosea, wote wanarudia. Fundi mitambo aliamua uwiano papo hapo, na uamuzi wake ndio tunaousikia hadi leo katika nyimbo za NUTA Jazz na Mlimani Park. Nawaheshimu sana mafundi wale, ambao majina yao hayasomwi redioni. Tunapousifu utamu wa nyimbo za zamani tunawataja watunzi na waimbaji, tunasahau kwamba kulikuwa na mtu aliyechanganya sauti zile mara moja tu, bila nafasi ya pili.

Jina linalotajwa zaidi katika nyumba ya studio ni la Rupert Neve, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1926 na kukulia Argentina. Mwaka 1964 aliitengenezea Philips meza ya transista kwa ajili ya studio yao ya London, na tangu hapo meza zake zikawa kipimo cha ubora. Moja iliyokuwa katika studio ya Sound City, California, ndiyo iliyorekodi *Nevermind* ya Nirvana mwaka 1991. Studio ilipofungwa, Dave Grohl, mpiga ngoma wa bendi hiyo, aliinunua na kuihamishia kwenye studio yake. Maikrofoni nazo zilibadilika. Mwaka 1966 Neumann, watengenezaji wa maikrofoni wa Ujerumani, walipokuwa wakihudumia shirika la utangazaji la Norway, walitumia umeme wa volti 48 uliokuwa tayari ndani ya jengo kulisha maikrofoni kupitia waya uleule wa sauti. Ndiyo asili ya kile kitufe cha 48V ambacho wengi huogopa kukibonyeza.

Nyumba ya pili, ya jukwaa, ilikuwa maskini. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga mbele ya watu zaidi ya 55,000 katika uwanja wa Shea, New York, na sauti za waimbaji zilipitia vipaza sauti vya uwanja, vilevile vya kutangazia mechi. Hakuna aliyesikia kitu, pamoja na wanamuziki wenyewe. Wakati huo fundi aliyejifungia studio na wapigaji wanne alikuwa na meza bora kuliko fundi wa uwanja mzima.

Miaka minne kamili baadaye, tarehe 15 Agosti 1969, tamasha la Woodstock likafunguliwa kwenye shamba la Bethel, katika jimbo hilohilo la New York. Bill Hanley wa Massachusetts alipewa kazi ya kuwafikishia sauti watu zaidi ya 400,000. Hakuwa na meza kubwa, kwa sababu meza kubwa za jukwaani zilikuwa bado hazijatengenezwa. Aliunganisha miksa ndogo za Shure, zenye chaneli nne nne za maikrofoni. Nyuma ya jukwaa, ndani ya trela, alikaa Eddie Kramer, mzaliwa wa Cape Town, na mashine za njia 8. Sauti za jukwaani ziligawanywa: tawi moja likaenda kwa Hanley na umati wake, jingine likaenda kwa Kramer na kanda zake. Hanley aliweza kupandisha na kushusha apendavyo bila kugusa kinachoingia trelani. Rekodi za Woodstock zimedumu kwa sababu ya mgawanyo ule. Kijana wetu wa kwaya, miaka zaidi ya hamsini baadaye, alikuwa na miksa yenye taa nyingi kuliko za Hanley, lakini hakuwa na tawi la pili.

Baada ya Woodstock jukwaa likapata watengenezaji wake. Mwaka 1973 Phil Dudderidge, aliyewahi kuwa fundi sauti wa Led Zeppelin, na Graham Blyth walianzisha Soundcraft huko Uingereza. Miksa yao ya kwanza ilijengwa ndani ya sanduku lake la safari, maana meza ya jukwaani hulala kwenye lori. Meza za jukwaani ndizo zilizokuza njia za ziada za kupeleka sauti kwenye spika za miguuni mwa waimbaji, na vitufe vya kukatia ule mluzi wa maiki unaochoma masikio harusini. Studio haina shida ya mluzi, nayo iliendelea kutaka kitu kingine: tundu la kila chaneli kwenda kwenye njia yake ya kanda.

Nyumba mbili zilianza kurudiana kwa unyonge, mezani kwa mtu wa kawaida. Mwaka 1979 kampuni ya Teac ilitoa Portastudio, miksa ndogo iliyounganishwa na kinasa sauti cha njia 4 kwenye kaseti ya kawaida. Bruce Springsteen alirekodi humo nyimbo alizodhani ni za majaribio, nyumbani kwake New Jersey, na mwaka 1982 zikatoka vilevile kama albamu ya *Nebraska*. Kisha mtengenezaji wa miksa Greg Mackie akashusha bei ya miksa nzuri za chaneli 16, na mwaka 1994 Yamaha wakaleta ProMix 01, miksa ya kidijiti iliyouzwa chini ya dola 2,000, yenye vitelezi vinavyojisogeza vyenyewe kurudi pale ulipoviacha jana. Kompyuta nayo ilikuwa imeanza kuchukua kazi ya kanda. Programu ya kurekodi ya Pro Tools ilitoka mwaka 1991. Mwaka 2012 Behringer wakatoa X32, miksa ya jukwaani inayopeleka chaneli 32, kila moja peke yake, kwenye kompyuta kwa waya mmoja wa USB. Trela la Kramer likaingia kwenye waya.

Tatizo ni kwamba neno hilohilo, USB, limeandikwa pia kwenye miksa ya bei ndogo inayopeleka chaneli mbili tu zilizokwisha kuchanganywa. Kuna hata zile ambazo tundu lao la USB ni la kuchomekea flashi na kupiga nyimbo, basi. Sanduku halisemi uongo, ila halisemi yote. Miksa ya chaneli mbili inawafaa mhubiri, mtangazaji wa podikasti, MC wa harusi. Kwa bendi inayotaka kurekodi shughuli na kuitengeneza baadaye, inakurudisha zama za njia mbili, na wewe huna masikio ya fundi mitambo wa RTD wala ukimya wa studio yake.

Ambao tayari wanayo wasiitupe. Njia za ziada zinazolisha spika za miguuni zinaweza kutoa mchanganyiko tofauti wa kurekodi: humo ongeza ngoma na besi ambazo ukumbi hauzihitaji, weka na maiki moja ya kunasa makofi na hewa ya ukumbi. Tulifanya hivyo na kijana wetu wiki mbili baadaye, kwa miksa ileile, na gitaa la besi lilirudi. Anayenunua miksa ya kidijiti akumbuke umeme wetu: ukikatika na kurudi, miksa ya kawaida huwaka papo hapo, ya kidijiti huchukua muda kuamka, na kimya cha ukumbi uliojaa ni kirefu. Nunua na betri ya kuikinga.

Na unapokwenda dukani, beba laptopu yako. Mwombe muuzaji achomeke waya, fungua programu ya kurekodi, uhesabu chaneli zinazojitokeza. Kisha shusha kitelezi cha chaneli moja hadi chini, useme neno kwenye maiki yake, na uangalie kama kompyuta bado inakusikia. Ikikusikia, fundi wa ukumbini anaweza kufanya kazi yake bila kuharibu rekodi yako. Zikionekana chaneli mbili tu, na muuzaji akakwambia zote ni sawa, mshukuru na uende duka la pili.