Kilo saba za Baltimore: upasuaji wa kupunguza tumbo ulikotoka

Mwaka 1899, Dk. Howard Kelly wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha taarifa ya mgonjwa ambaye shida yake ilikuwa tumbo lenyewe. Kipande cha ngozi na mafuta alichomkata kilikuwa na urefu wa sentimita 90, upana wa 31 na unene wa 7. Mizani ilisoma gramu 7,450, uzito wa watoto wachanga wawili walioshiba.

Kelly alikuwa bingwa wa magonjwa ya wanawake. Wafaransa wawili, Demars na Marx, walikuwa wamemtangulia mwaka 1890, lakini yeye ndiye aliyeupa upasuaji huu jina na hadhi ya kitabibu. Urembo haukuwa hoja. Tumbo lililoning'inia hadi mapajani hutoa jasho kwenye mkunjo, ngozi huchubuka na kuoza, na mwenye nalo hutembea kwa taabu. Kelly alikata ngozi kwa kukatiza katikati ya tumbo, ubavu hadi ubavu, akashona. Kitovu kiliondoka pamoja na mafuta.

Miaka sitini iliyofuata ilikuwa, kwa sehemu kubwa, miaka ya kukitafutia kitovu mahali pa kukaa. Mwaka 1905, Gaudet na Morestin waliwaeleza madaktari wenzao Ufaransa jinsi walivyotibu ngiri ya kitovu, wakapunguza ngozi iliyozidi, na kitovu kikabaki. Max Thorek wa Chicago, katika miaka ya 1920, alikikata kabisa, kisha akakipandikiza upya kama mche. Jibu linalotumika hadi leo lilielezwa vizuri na Vernon mwaka 1957, na mgonjwa anayetarajia kisu afadhali alielewe, kwa kuwa wengi hudhani kitovu huhamishwa. Hakihamishwi. Daktari hukata duara kukizunguka na kukiacha kimesimama kwenye kikonyo chake, kimeshikana na misuli kule chini. Halafu huibandua ngozi ya tumbo kuanzia juu ya kinena hadi karibu na mbavu, huivuta chini kama anayenyoosha shuka, hukata iliyozidi, kisha hutoboa tundu jipya mahali kitovu kilipo na kukichomoza nje. Kwa hiyo mgonjwa huondoka na makovu mawili: moja refu, kutoka nyonga hadi nyonga, na jingine dogo la mviringo.

Kabla ngozi haijarudishwa, kuna kazi ambayo mgonjwa haioni. Misuli miwili mirefu iliyosimama mbele ya tumbo husukumwa kando na mimba, na kwa wanawake wengine hairudi kukutana. Mama zetu wa Pwani walilijua tatizo hili kabla ya Baltimore, na dawa yao ilikuwa mkaja: kitambaa kinachofungwa kwa nguvu tumboni mwa mzazi katika zile siku arobaini. Mkaja humpa mzazi egemeo na nafuu, lakini hauondoi ngozi iliyolegea, wala haushoni misuli iliyoachana. Daktari huivuta na kuishona pamoja, kutoka chini ya kidari hadi kinena. Mshono huo wa ndani ndio hasa unaouma baada ya nusu kaputi kuisha. Ndio pia unaomfanya mgonjwa atembee ameinama kwa siku kadhaa, akilala kaegemezwa mito mgongoni na chini ya magoti. Baada ya hapo huvaa mkanda wa kubana kwa wiki kama sita. Mkaja haukwepeki.

Kovu lilishuka chini kwa sababu ya Brazil. Ivo Pitanguy wa Rio de Janeiro alichapisha mwaka 1967 uchambuzi wa wagonjwa 300 mfululizo, na mkato wake ulikuwa chini kabisa, mahali ambapo nguo ya kuogelea ingeuficha. Pitanguy alikuja kuwa daktari wa matajiri na watu mashuhuri, ila jina lake lilianza kung'aa kwenye majivu. Tarehe 17 Desemba 1961, sarakasi iliwaka moto mjini Niterói, ng'ambo ya ghuba ya Rio. Mamia walikufa, wengi wao watoto, naye akawa miongoni mwa waliotibu walioungua. Wodi yake katika hospitali ya Santa Casa iliwahudumia maskini kwa miaka mingi. Huku kwetu nako upasuaji rekebishi si mgeni wa juzi. Waanzilishi watatu wa shirika la afya la Amref mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa wa fani hiyo, na mpango wao ulizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ni mkono uleule: anayejua kuziba jeraha la moto anajua pia ngozi inavutika kiasi gani kabla haijafa.

Kufa kwa ngozi si maneno ya kutishana. Inapobanduliwa, mishipa mingi ya damu hukatwa, na sehemu ya katikati, juu kidogo ya mshono, ndiyo inayobaki mbali zaidi na chanzo cha damu. Sigara huibana mishipa iliyosalia. Ndiyo sababu daktari makini humtaka mvutaji aache wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji, na akikataa humrudisha nyumbani.

Taarifa iliyowashtua madaktari wenyewe ilitoka mwaka 1977. Frederick Grazer na Robert Goldwyn waliwauliza wenzao yaliyowapata, wakakusanya upasuaji 10,490. Vifo vilikuwa 17. Damu iliganda miguuni kwa asilimia 1.1 ya wagonjwa, na kwa asilimia 0.8 bonge lilifika mapafuni. Ukifikiri, utaona kwa nini: misuli ikikazwa, shinikizo ndani ya tumbo hupanda na damu ya miguuni hupanda polepole, na mwenye tumbo hilo, kwa maumivu, hataki hata kugeuka. Basi muuguzi anapokuja jioni ileile kumwamsha mgonjwa atembee hadi mlangoni, hafanyi ukatili. Soksi za kubana miguu, na kwa walio hatarini zaidi sindano za kuzuia damu kuganda, zina kazi hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ni hospitali mara moja, si kusubiri siku ya kliniki.

Mirija miwili ya kutolea maji inayoning'inia kinenani huwaudhi wagonjwa kuliko kovu. Huwekwa kwa sababu ngozi iliyobanduliwa huacha uwazi, na majimaji hujikusanya humo. Tangu miaka ya 2000 kuna madaktari wanaoishikiza ngozi kwa misuli kwa nyuzi nyingi za ndani, na baadhi yao hawaweki mirija kabisa. Kunyonya mafuta, alikokupa umaarufu Yves-Gérard Illouz wa Paris kuanzia 1977, siku hizi mara nyingi hufanywa pamoja na upasuaji huu. Peke yake hakuondoi ngozi iliyolegea, na wanaouza huduma hiyo hawalisemi hilo kwa sauti kubwa.

Upasuaji huu pia si dawa ya unene. Anayetaka kupungua apungue kwanza na uzito utulie. Anayepanga kuzaa tena angoje, maana mimba italegeza kilichokazwa. Kazi za ofisini huwezekana baada ya wiki mbili au tatu, kubeba ndoo baada ya wiki sita au zaidi, na kovu huchukua mwaka kufifia. Ganzi chini ya kitovu hudumu miezi, pengine isiishe yote.

Lipo jambo ambalo Kelly asingeweza kulijua. Mwaka 1982, Carl Hartrampf wa Atlanta na wenzake walieleza namna ya kuichukua ile ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, iliyokuwa ikitupwa miaka yote, na kuipandisha kifuani ikiwa bado imeshikana na msuli unaoilisha damu, ili kumtengenezea titi jipya mwanamke aliyekatwa la kwake kwa saratani. Tumbo lililokwisha kupunguzwa kwa kawaida halina tena akiba hiyo, kwani ngozi imekwenda na mishipa imekatwa. Mwanamke ambaye mama au dada yake aliugua saratani ya matiti alitaje hilo kwa daktari kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa.