Upotevu wa Maji ya Rejeta na Kuchemsha kwa Injini

Upotevu wa maji ya rejeta ni kupungua kwa kimiminika kinachopoza injini katika mfumo ambao, ukiwa mzima, hukaa miezi mingi bila kuongezwa chochote. Kuchemsha ni injini kupita joto lake la kazi, ambalo katika injini nyingi huwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Hali hizi mbili huzaliana, kwa kuwa injini iliyopungukiwa maji huchemsha na injini inayochemsha hutapika maji, na kwa sababu hiyo utambuzi katika gari kuukuu huanza kwa kutafuta ipi iliyotangulia. Huko Kataboi, kijiji kilicho magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kalokol, jibu la swali hilo hufichwa na desturi ya kujaza maji yoyote yaliyo karibu, jambo ambalo humfikisha dereva aendako lakini hufuta dalili na, baada ya muda, huongeza ubovu mpya juu ya ule wa kwanza.

Mazingira yenyewe huipunguzia rejeta uwezo wake. Mchana wa mji wa Lodwar hufikia nyuzi 35 au zaidi karibu mwaka mzima, na kwa kuwa rejeta hutoa joto kulingana na tofauti iliyopo kati yake na hewa, kasoro ndogo ambayo isingeonekana katika baridi ya nyanda za juu hujitokeza hapa mara moja. Mchangani na katika laga, yaani mikondo ya mito ya msimu, gari huenda kwa gia ndogo, injini ikizunguka kwa nguvu ilhali mwendo ni mdogo. Zaidi ya hayo, upepo mkali wa kusini-mashariki unaovuma ziwani karibu kila siku hulisukuma kutoka nyuma gari linaloelekea kaskazini, hata hewa ipitayo rejetani ikapungua. Gari linalochemsha likitoka Kalokol kwenda Kataboi, kisha likarudi kwa njia ileile likiwa limepoa, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na tatizo la hewa kuliko la maji: mapezi ya rejeta yamezibwa na vumbi na vijani vya mti wa mathenge, mkanda wa feni umelegea, au kiungo cha feni chenye mafuta ya silikoni kimechoka na hakiikamati tena feni injini inapopata moto.

Gari likichemsha pande zote mbili, uchunguzi huhamia kwenye maji. Kipimo cha dashibodi hakitoshi, na mara nyingine hupotosha vibaya: maji yakishuka chini ya kihisio cha joto, kihisio hubaki katika hewa na mvuke, na mshale huweza kuteremka wakati injini inaungua. Maji hukaguliwa injini ikiwa baridi, ndani ya rejeta yenyewe na si katika chupa ya akiba pekee. Kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hukidhania kizibo tu, huzuia shinikizo la takriban bar 0.9 na hivyo kupandisha kiwango cha kuchemka kwa maji matupu kutoka nyuzi 100 hivi hadi karibu 118. Mpira wake ukipasuka, maji huchemka mapema na kumwagika, na gari huonekana kuwa na ugonjwa mkubwa kuliko lilio nao. Kifaa hiki rahisi hustahili kukaguliwa kabla injini haijafunguliwa.

Kuvuja kwa nje ni kugumu kuona Turkana, maana tone huweza kukauka kabla halijafika chini. Fundi hutafuta badala yake alama za chumvi nyeupe kwenye maungio ya mipira, kwenye kingo za rejeta, na chini ya tundu dogo la pampu ya maji, ambalo limewekwa makusudi ili lionyeshe kwamba sili ya ndani imeisha.

Kama hakuna alama, maji yanapotelea ndani. Gasketi ya silinda hedi ni kipande bapa kinachotenganisha maji, oili na gesi za mwako. Ikiungua, au hedi ikipinda au kupata ufa, mpira wa juu wa rejeta hukakamaa muda mfupi baada ya injini baridi kuwashwa, mapovu hupanda rejetani bila kukoma, ekzosi hutoa moshi mweupe usioisha, na wakati mwingine oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Pale kifaa kinapopatikana, hewa ya rejeta hupitishwa katika dawa ya buluu ambayo hugeuka manjano ikikutana na gesi za mwako.

Kuitoa thamostati, vali inayofungua njia ya maji kwa joto maalumu, ni tiba iliyozoeleka sana na ambayo haifai. Katika injini ambazo vali hiyo pia huziba njia ya mkato, sehemu ya maji huanza kurudi kwenye injini bila kupita rejetani, na kuchemsha huzidi.

Kuhusu desturi ya kujaza maji yoyote yaliyo karibu, Ziwa Turkana lina magadi, pH yake ikiwa karibu 9.2 na chumvi takriban gramu 2.5 kwa lita. Bikaboneti ya sodiamu iliyomo hupoteza gesi ya kaboni inapopashwa moto, na maji huzidi kuwa ya magadi, hali inayoyeyusha utando unaoilinda aluminiamu ya hedi, pampu na rejeta mpya. Kila maji yanapopungua kwa mvuke na kujazwa tena, chumvi hujilimbikiza. Maji ya ziwa huruhusiwa pale tu ambapo pasipo hayo injini ingekufa njiani; hapo humiminwa baada ya injini kupoa, kwa kuwa maji ya baridi juu ya hedi ya moto huweza kuipasua, na gari likifika Lodwar humwagwa yote, mfumo husuuzwa kwa maji safi hadi yatoke bila rangi, kisha hujazwa kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, iliyochanganywa na maji yaliyoondolewa chumvi.