Usemi, Mafundisho na Mabadiliko ya Jamii: Kolwezi katika Historia ya Utafiti

Nchini Kongo, makambi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, yaliwakusanya wafanyakazi wa Kasai, Katanga na kwingineko, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pamoja kazini na makambini. Mwaka 1953 Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianza uchungaji katika kambi mojawapo, Musonoi, karibu na mji wa Kolwezi, na huko ikakua Jamaa, yaani mwamko wa Wakatoliki ambamo mume na mke waliingia pamoja, wakapitia hatua zilizoitwa njia, na wakaitana baba na mama pasipo kubaguana kwa kabila.

Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani, alianza utafiti wake Kolwezi mwaka 1966, na kwa kuwa wanajamaa hawakujipambanua kwa mavazi wala majengo, ilimpasa kusikiliza yale waliyokuwa wakisema. Mafundisho, yaliyohusu uzima, uzazi na mapendo, yaliendeshwa kwa maswali na majibu, na Fabian aliyanasa kwa kinasa sauti, akayaandika kwa Kiswahili kilekile kilichosemwa, kisha akayachambua kama diskosi, yaani usemi wenye kanuni zake ambao kundi la watu hujenga kwao fikra na mahusiano yake.

Msingi huo aliuendeleza alipofundisha chuo kikuu cha Lubumbashi kati ya 1972 na 1974, ambako alifanya mazungumzo marefu na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyesimulia historia ya nchi yake kwa michoro 101. Mchoraji huyo alijiita mwanahistoria, na Fabian, katika kitabu kilichotoka mwaka 1996, alimchukulia hivyo, akiweka maneno yake kando ya michoro. Katika kitabu chake Time and the Other, cha mwaka 1983, alikuwa tayari amewalaumu wanaanthropolojia waliozungumza na watu ana kwa ana, kisha wakawaandika kana kwamba waliishi katika zama nyingine.

Kwa hiyo historia ya ukanda wa shaba wa Katanga itakayohesabu tani za madini pekee itapungukiwa, kwa maana wafanyakazi wa Musonoi walioyachimba hayo madini walikuwa pia wakifikiri, kwa Kiswahili chao, namna ya kuishi pamoja, na fikra hizo zinastahili kusomwa kama elimu.