Safari ya Kurudi: Historia ya Uhamishaji wa Data katika Kumbukumbu za Kompyuta Ikitazamwa Kutoka Mpanda

Historia ya namna mifumo endeshi inavyohamisha data kati ya kumbukumbu yenye kasi na ile ya polepole imezoeleka kuandikwa kama historia ya kasi. Swali lake kuu ni jinsi data ilivyofikishwa mapema kwa prosesa. Hoja ya sehemu hii ni kwamba swali hilo ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni safari ya kurudi: data iliyokwisha kubadilishwa hurejeshwaje kwenye hifadhi ya kudumu kabla haijapotea? Mpanda, mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli nje ya gridi ya Taifa, hairuhusu nusu hiyo isahauliwe.

Chanzo cha mbinu yenyewe ni mashine ya Atlas, iliyozinduliwa mwaka 1962 katika Chuo Kikuu cha Manchester chini ya uongozi wa Tom Kilburn. Kumbukumbu yake ya kasi, iliyofumwa kwa vipete vidogo vya sumaku, ilichukua maneno 16,384 ya mashine. Ngoma ya sumaku iliyozunguka kando yake ilichukua zaidi ya maneno 98,000. Kabla ya hapo mwandishi wa programu ndiye aliyepanga kwa mkono wake kipande kipi kipande na kipi kishuke. Atlas ilimwondolea mzigo huo: aliona hifadhi moja kubwa, na mfumo ukahamisha kurasa za maneno 512 bila yeye kujua. Sababu ya kuhamisha ukurasa mzima badala ya neno moja yaeleweka kwa urahisi kwa anayeijua reli ya tawi ya Kaliua hadi Mpanda, takribani kilomita 210, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Gharama kubwa imo katika safari, wala si katika mzigo. Hakuna stesheni masta atakayetuma treni kwa gunia moja. Kipete kilisomwa kwa takribani mikrosekunde 2, ilhali ngoma ilisubiriwa kwa wastani wa milisekunde 6, yaani mara elfu tatu zaidi.

Mbinu hiyo ilipita karibu na Tanzania bila kuingia. Mwaka 1963 kampuni ya Uingereza ya ICT ilinunua biashara ya kompyuta ya Ferranti, mshirika wa chuo hicho katika kuiunda Atlas. Miaka miwili baadaye Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500. Muuzaji alikuwa yule yule, lakini mashine ilikuwa na asili nyingine kabisa: ilibuniwa na RCA ya Marekani na haikuwa na kurasa za Atlas.

Jambo lisilopewa uzito wa kutosha ni kwamba hifadhi zote mbili za Atlas zilikuwa za sumaku. Umeme ukikatika, sumaku ilibaki. Kurudisha ukurasa kwenye ngoma kulikuwa, kimsingi, suala la kupata nafasi. Hali ilianza kugeuka mwaka 1970 Intel ilipoanza kuuza chipu ya 1103, iliyotunza kila biti kama chaji ndogo ya umeme. Ilikuwa ndogo, tena rahisi, nayo iliviondoa vipete sokoni. Lakini ikikosa umeme husahau yote. Mwaka 1972 IBM ikatangaza kumbukumbu ya kurasa kwa mashine zake za System/370. Mwaka 1974, baada ya hasara zilizotokana na kompyuta za Hazina, serikali ya Tanzania ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. (Mwaka huo huo uliundwa Mkoa wa Rukwa, na Mpanda ikawa wilaya yake, ni sadfa tu.) Marufuku yalipolegezwa katika miaka ya 1980, mashine zilizoingia zilikuwa za kizazi kinachosahau.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili. Ukurasa wa programu uliosukumwa diskini kwa kukosa nafasi hauna thamani mashine ikizimika. Kitakachouma ni ukurasa wa faili uliobadilishwa na ambao haujashuka. Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, huweza kuuacha ukurasa wa namna hiyo usubiri takribani sekunde 30, ili maandishi mengi yashuke kwa safari moja. Kwenye umeme wa uhakika huo ni ubanaji wa matumizi wenye busara. Kwenye jenereta ni mkopo usio na dhamana: karani aweza kuhifadhi orodha ya malipo, akaona imehifadhiwa, nayo bado imo juu. Mfumo wa faili wa ext3, ulioingizwa rasmi katika Linux mwaka 2001, huandika daftari la mabadiliko ili mpangilio wa diski usivurugike. Lakini daftari hilo haliwezi kuurudisha ukurasa ambao haukuwahi kushuka.

Katavi ilipokuwa mkoa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Mpanda, umeme wa mji ulikuwa bado wa dizeli. Katika mazingira hayo betri ya akiba chini ya meza ya karani si pambo la ofisi. Ni sehemu ya ngazi ya kumbukumbu, na kazi yake ni kuununulia mfumo endeshi dakika chache za kushusha kilicho juu.