Nani Aliigusa Mwisho?

Mei 2020 kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni. Kama uliishi Nairobi wakati huo unakumbuka: ikifika saa kumi na mbili unusu, Argwings Kodhek imejaa watu wanatembea mbio, na boda wamepandisha bei bila aibu. Mimi nilikuwa nasubiri boda mmoja tu, aliyebeba diski ndogo nyeusi iliyofungwa ndani ya soksi.

Ndani ya diski kulikuwa na filamu ya nusu saa kuhusu mafundi wa jua kali wa Gikomba. Tulikuwa wahariri watatu wa studio moja ya Kilimani, kila mtu amejifungia kwake: mmoja South B, mmoja Rongai, mimi kwenye bedsita nyuma ya Yaya. Diski ilizunguka kati yetu. Kila mtu alinakili kwa laptopu, akafanya yake, akarudisha faili ya mradi kwa jina lile lile.

Siku moja dada wa South B akafungua, akakuta kazi yake ya siku kumi na moja haiko. Video zenyewe zilikuwepo zote, mahojiano yote, hata nyundo zote za Gikomba. Kilichopotea ni maamuzi: fundi akatizwe wapi, anyamaze kwa muda gani, nyundo isikike kabla hatujaiona ama baadaye. Faili ya mradi haina picha hata moja ndani yake. Ni orodha ya maamuzi, na mtu alikuwa ameweka orodha ya zamani juu ya mpya. Folda ya nakala za akiba nayo ilikuwa imefutwa wiki hiyo ili kupata nafasi.

Bosi alipiga simu na swali moja: nani aliigusa mwisho? Mimi ndiye niliyekuwa mdogo, aliyeacha chuo mwaka wa pili. Jibu lilipatikana haraka sana. Sikulipwa. Na kinachoniuma ni kwamba mpaka leo siwezi kuapa kuwa sikuwa mimi.

Nikaanza kusoma, kwa hasira tupu.

Runinga ilianza Kenya mwaka wa 1962, enzi ya filamu ya kukatwa kwa mkono. Wazee wa filamu walikuwa na adabu ambayo sisi tuliitupa. Negativu haikuguswa. Ilichapishwa nakala ya kazi, hiyo ndiyo iliyokatwa na kubandikwa, na negativu ilikuja kukatwa mwisho kabisa kwa kufuata namba zilizo ukingoni mwa filamu. Tena nakala hiyo ilikuwa kitu cha kushikika: ikiwa mezani kwako, haiko mezani kwangu. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Kompyuta ilivunja hiyo adabu kwa sababu moja. Faili inaweza kuwa mezani kwa watu watatu kwa wakati mmoja, na wote wakaamini wanayo ile ya kweli.

Waandishi wa programu walikutana na balaa hii mapema. Mwaka wa 1972, pale Bell Labs huko Marekani, Marc Rochkind aliandika SCCS, mfumo wa kutunza kila toleo la faili. Ukitaka kubadilisha, unaazima kama kitabu cha maktaba. Ukimaliza unarudisha, na jina lako linabaki. Mwaka wa 2005 Linus Torvalds akaleta Git, ambapo watu wengi wanabadilisha pamoja kisha mabadiliko yanaunganishwa.

Hapa ndipo nacheka kidogo. iHub ilifunguliwa Machi 2010 katika Bishop Magua Centre, Ngong Road, mwendo mfupi kutoka kwetu. Ushahidi, iliyozaliwa 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, iliweka kodi yake wazi kwenye GitHub, kila badiliko na mwenyewe. Mtaa mmoja, kahawa moja, matatu moja ya 46. Wao wana historia ya kila mstari. Sisi tuna faili inaitwa FINAL_FINAL_KWELI_2.

Lakini si uvivu peke yake. Kodi ni mistari ya maandishi: wewe umebadilisha mstari wa 10, mimi wa 90, tunaunganisha. Filamu haina mistari hiyo. Ukiondoa sekunde tatu mwanzoni, kila kitu kinachofuata kinasogea, na hakuna programu itakayoamua nani kati yetu alikuwa sahihi. Kwa hivyo wahariri walirudi kwa kufuli. Avid walifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990: anayefungua folda kwanza anaandika, wengine wanatazama tu. Apple walitoa Final Cut Server mwaka wa 2008, mradi unaazimwa na kurudishwa kabisa kama maktaba; 2011 wakaiua. Ilihitaji seva na mtu wa kuitunza, na studio nyingi ndogo ninazozijua hapa zina tokeni za stima na maombi.

Halafu nikapata hii. Adobe walitoa Productions, yenye kufuli za miradi ndani ya Premiere, Aprili 2020. Nairobi ilifungwa tarehe 6 ya mwezi huo huo. Dawa ilikuwa imefika mjini kabla ya ugonjwa wetu, ni vile tu hakuna aliyeisoma. Nasi tuko na soksi.

Siku hizi kazi nyingi ninazopewa bado ni za diski na boda. Nina sheria mbili: jina la faili lina tarehe na herufi za mhariri, na hakuna kufungua kabla ya kuandika kwa grupu ya WhatsApp. Dada wa South B alinipigia mwaka jana, miaka mingi bila salamu. Hakutaja Gikomba. Alikuwa na kazi ya wiki mbili, akaniongeza kwa grupu, na ujumbe wake wa kwanza ulikuwa neno moja: "Nimefungua." Nikasubiri hadi saa nne usiku. "Nimefunga. Ni yako."